Mbwa wa Majina Mawili

Hakuwa na mke, maana marehemu alishatangulia. Hakuwa na gari, na baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta bila mnyororo. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto, wala friji, wala televisheni, wala mjukuu wa kumtuma dukani. Hakuwa na cheti cha chuo chochote, ingawa alikuwa amehudhuria masomo ya jioni kwa bidii mpaka mwalimu akawa anamwambia, "Bwana, nenda nyumbani, na mimi nina familia." Hakuwa na deni la mtu. Na kwa miaka mingi hakuwa na ndugu wa kusalimiana naye, ijapokuwa ndugu huyo alilala ng'ambo ya ua uleule, na kila asubuhi alimsikia akikohoa.

Watu walimwita Fundi Mizani. Maisha yake yote alitengeneza mizani za maduka na mabucha, na wauza nyama walimheshimu na kumkwepa kwa wakati mmoja. Alikuwa mtu wa kusoma maandishi yote, hata yale madogo yaliyo nyuma ya kiberiti. Ukimwambia kitu ni kizito, alikuuliza kizito kama nini. Alijivunia hilo, na hakuona haya kujivunia.

Ndugu yake aliitwa Dereva, kwa sababu alikuwa dereva wa lori mpaka magoti yalipogoma. Alikuwa mdogo wake, wamenyonya ziwa moja, lakini ungewaona ungesema mmoja aliokotwa. Dereva alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, na kicheko kilichotangulia kila alichotaka kusema. Baba yao aliwaachia nyumba yenye vyumba vinavyotazamana, viwili huku na viwili kule, na katikati ua wenye bomba moja, choo kimoja na lango moja.

Ugomvi wao ulianza siku waliyomzika mama yao. Dereva alikuwa safarini na mzigo, mbali sana. Alipopata habari aliligeuza lori na kuendesha bila kulala, akafika watu wakiwa tayari wananawa mikono, kaburi limeshafukiwa. Aliingia langoni na vumbi lake, macho mekundu. Fundi, aliyekuwa amebeba msiba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, alimtazama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Ungetuarifu mapema, tungemzika kwa ratiba yako."

Dereva aliweka begi lake chini, akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo hakumsemesha kaka yake. Fundi alisema moyoni kwamba msiba ukiisha ataweka mambo sawa. Msiba uliisha, mvua zikaja, na kila alipotaka kuvuka ua aliona heri asubiri siku nyingine.

Kisha akaja mbwa.

Aliingia mwenyewe langoni, mbavu nje, sikio moja limechanika, akalala katikati ya ua kama mtu aliyeagizwa alale pale. Fundi alimpa mifupa. Dereva alimpa wali. Fundi alimwita Gramu, kwa udogo wake. Dereva alimwita Breki, kwa sababu hakuwa nazo; akimkimbilia mtu alisimama kwa kumgonga. Mbwa aliitika majina yote mawili bila kuona tatizo lolote.

Na kwa huyo mbwa ndugu wawili wakapata njia ya kusema.

"Breki," Dereva alianza siku moja huku akifua shati, "mwambie mzee wako koki inavuja upande wake."

Fundi alikuwa mlangoni anasugua bakuli la mizani. Hakuinua uso. "Gramu, mwambie jamaa yako koki haina upande. Na mikono anayo."

"Umemsikia, Breki? Hayo ndiyo masomo ya jioni. Mtu anasoma mpaka koki inamshinda."

Fundi aliingia ndani haraka, akafunga mlango, akacheka amejiziba mdomo. Hakutaka asikike anacheka.

Mbwa alikaa katikati, akimgeukia huyu na yule, ulimi nje. Mama Sabuni, jirani aliyepitisha sabuni za kufulia mlango kwa mlango, aliwakuta hivyo mara nyingi. "Huyu mbwa mngempa mshahara," alisema. "Ana kazi kuliko karani wa mahakama."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Si haba. Kwa njia ya mbwa Fundi alijua mdogo wake ana shinikizo la damu, na binti yake amehamia mji mwingine, na kwamba wali umeungua. Naye Dereva, kwa njia hiyohiyo, alijua kaka yake hapati usingizi.

Msimu wa joto ulipoingia, kupe walimvamia mbwa. Walijaa masikioni na katikati ya vidole, wamevimba kama mbegu za mbono. Mbwa alijikuna mpaka akajitoa damu. Dereva ndiye aliyeanza.

"Breki, mwambie mzee wako kupe wamekuzidi. Mwambie tushirikiane tukutafutie dawa, mimi nikushike, yeye akuogeshe. Yeye ndiye anayejua vipimo."

Lilikuwa neno jema. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kusema "tushirikiane". Fundi alilisikia vizuri, na kifua kilimjaa, na kwa kuwa kifua kilimjaa akaogopa sauti itamsaliti. Mtu akiogopa hivyo hukimbilia silaha aliyoizoea.

"Gramu," alisema, "mwambie dawa nitashughulikia mwenyewe. Kuna watu ukiwaachia kazi, wanafika watu wakinawa mikono."

Dereva alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akaingia kwake. Hakusema na mbwa tena siku hiyo, wala siku iliyofuata.

Fundi alikwenda duka la dawa za mifugo. Alishika chupa ya dawa ya maji, akashika kopo la dawa ya unga, akasoma maandishi ya vyote viwili huku muuzaji akipiga miayo. Akachukua chupa. Nyumbani alimpandisha mbwa kwenye mizani ya kupimia magunia iliyokuwa ikisubiri mwenyewe aje kuichukua, akamshika asitikisike, akaandika uzito wake kwa chaki mlangoni. Alisoma maelezo ya chupa kwa miwani, halafu akayasoma tena: kiasi gani cha dawa kwa maji kiasi gani, isiingie machoni, mnyama asijilambe kabla hajakauka, na asipewe dawa nyingine yoyote ya kupe mpaka wiki mbili zipite.

Asubuhi Dereva alipokwenda kupima presha, Fundi alimwogesha mbwa. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi. Alimfunga kitambaa shingoni asijilambe, akamkausha kwa gunia safi, akakaa naye kwenye kivuli mpaka manyoya yakaanza kusimama, ndipo akamfungua kitambaa. Ilikuwa kazi safi. Alijiambia kwamba hata daktari asingefanya zaidi ya hapo.

Baada ya chakula cha mchana alijinyoosha kitandani. Akasikia lango, akasikia kikohozi, akasikia Dereva akiita kwa sauti ya chini, "Breki, njoo." Aliinuka, akasimama dirishani nyuma ya pazia.

Dereva alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbwa katikati ya magoti yake. Mkononi alikuwa na kopo. Fundi alilijua lile kopo; alikuwa amelishika dukani. Dereva alimimina unga kiganjani, akaanza kumpaka mbwa mgongoni, taratibu, anausugua mpaka kwenye ngozi, huku anamsemesha maneno ambayo Fundi hakuyasikia. Mbwa alifumba macho kwa raha.

Kilichotakiwa kilikuwa neno moja. "Acha" lingetosha. Lakini mbwa alikuwa kule, mikononi mwa mwenzake, na hapakuwa na mtu wa kati. Neno hilo lingekwenda moja kwa moja kwa ndugu yake, la kwanza tangu msiba, na lingekuwa la kumkosoa tena. Au lingemfanya yeye, mkubwa, awe wa kwanza. Fundi alisimama na yote mawili na hakujua lipi linamchoma zaidi. Akajiambia kwamba unga ule ni kidogo. Akajiambia kwamba maandishi ya chupa huzidisha, wenye viwanda wanajikinga. Mtu aliyeamini maandishi maisha yake yote, siku ile akaona yanazidisha.

Akarudi kitandani.

Jua lilipoanza kushuka alisikia Dereva akiita, si kupitia mbwa. "Jamani. Jamani, njooni."

Alitoka. Mbwa alikuwa amelala ubavu karibu na bomba, udenda unamchuruzika, miguu inatetemeka kama anakimbia usingizini. Macho yalikuwa wazi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Dereva alikuwa amepiga magoti, magoti yaleyale yaliyogoma.

Fundi alimshika mbwa kichwa, Dereva akamshika kiwiliwili, wakatoka naye barabarani. Teksi ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikubali, wakaketi nyuma, mbwa mapajani mwao, mabega yao yanagusana kila teksi ilipopita shimo.

Daktari wa wanyama alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimweka mbwa mezani, akaanza kumtazama macho na ufizi huku anauliza.

"Mwenye mbwa ni nani?"

"Mimi," walisema wote wawili.

"Anaitwa nani?"

"Gramu."

"Breki."

Daktari aliwatazama mara moja. "Haya. Amepakwa nini au kula nini leo?"

Fundi alisema yake yote kwa utaratibu: jina la dawa, kiasi, maji, uzito wa mbwa.

"Vizuri," daktari alisema. "Ulipima sawasawa. Na huu unga kwenye manyoya?"

Dereva alikuwa anatazama viganja vyake.

"Unga ni wangu," alisema. "Mchana."

"Ulijua ameshaogeshwa?"

"Sikujua. Nilimkuta na ubichi shingoni, nikadhani amelala bombani. Huwa analala bombani."

Daktari alimgeukia Fundi. "Na wewe mzee, hukumwona akimpaka?"

"Nilikuwa ndani," Fundi alisema.

Haikuwa uongo. Hata ungeiweka kwenye mizani usingeona upungufu wake. Daktari alitikisa kichwa na kuchukua sindano, na nafasi ya kusema zaidi ikapita, nayo ilikuwa nafasi ya pili siku hiyohiyo.

Walimwosha mbwa kwa sabuni na maji mengi, daktari kwa mkono mmoja, wa pili ukimshikilia mbwa, na Dereva kwa yote miwili. Daktari aliwaeleza huku akifanya kazi, bila kufoka. Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja, alisema. Kila moja peke yake ingemponya. Zikikutana mwilini zinaongezana, na mishipa inashindwa kutulia. Siku nyingine mkiona udenda na kutetemeka, mwosheni hapohapo nyumbani kabla ya kutafuta gari. Na mnyama anayelelewa na wawili, dawa zake zishikwe na mmoja, au basi mwambiane.

"Kwa hiyo ni ule unga," Dereva alisema.

"Ni vyote viwili, baba."

"Lakini unga ulikuja wa pili."

Daktari hakumjibu, alikuwa ameinama, sikio karibu na kifua cha mbwa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachomoa kalamu nyweleni, akairudisha tena bila kuandika kitu, akasema, "Poleni, wazee wangu."

Walimzika uani karibu na ukuta. Dereva alichimba. Fundi alipotaka kupokea koleo, Dereva hakumpa, wala hakumnyima kwa maneno. Aliendelea tu kuchimba. Baada ya hapo kila mtu aliingia kwake, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumtuma, hakuna kilichosemwa tena katika ua ule.

Mwisho wa wiki binti wa Dereva alikuja na gari. Alimkuta Fundi mlangoni, akampa mkono kwa heshima.

"Baba mkubwa, nimekuja kumchukua baba."

"Kwa siku ngapi?"

"Anasema jumla." Alitazama chini. "Mimi nilidhani mmegombana tena."

"Hatujagombana."

"Basi sielewi. Ametaka tufunge hata godoro."

Dereva alipita na begi lake. Pale langoni alisimama, na Fundi akajua kwamba sasa ndiyo, sasa mmoja wao atasema. Dereva alitazama ule ukuta, sehemu udongo ulipokuwa bado laini, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaingia kwenye gari.

Fundi alibaki na nyumba nzima. Vyumba alivyowahi kutamani viwe vyake sasa vilikuwa wazi, na hakuingia hata kimoja. Asubuhi aliamka akasubiri kikohozi. Mama Sabuni alipita, akauliza, "Mbona kimya hivi?" akapewa jibu la kwamba joto limezidi. Jioni Fundi alijikuta amesimama uani na mifupa kwenye karatasi.

Alipiga simu. Binti alipokea.

"Baba yupo, baba mkubwa, lakini hasemi na simu. Hasemi na mtu." Akasita. "Kuna kitu nataka nikuulize. Mimi nina paka hapa, ni mdogo tu, mpole. Baba hataki kumgusa. Paka akimrukia mapajani anainuka. Juzi alimkuta amelala kwenye kiatu chake, akaniambia, ama umtoe huyu ama nihame mimi, nisije nikamuua na wa kwako. Nikamwambia baba, kwani umemuua nani? Akanyamaza. Ni nini kilitokea huko?"

Barabarani mtu alikuwa anapiga msumari bati.

"Baba mkubwa?"

"Nipo, mwanangu."

"Ungemwandikia. Barua ataisoma. Baba hawezi kutupa karatasi yenye mwandiko wako, hata zile ulizobandika mlango wa choo alizihifadhi."

Hilo hakulijua. Zilikuwa karatasi za kuudhi: funga mlango, mwaga maji, ua si gereji.

Asubuhi iliyofuata aliketi mezani, mizani zimesogezwa pembeni. Alianza kwa lugha kubwa aliyofundishwa jioni zile, kuhusu kadhia iliyotokea na utata wa dawa na umuhimu wa mawasiliano. Aliisoma. Ilikuwa nzuri, na ndani yake hapakuwa na mtu. Aliichana. Ya pili ilieleza jinsi msiba wa mama ulivyomlemea, na kila sentensi ilimtafutia yeye kivuli. Aliichana pia. Alikunywa maji, akarudi.

*Mdogo wangu,* aliandika.

*Siku ile daktari aliponiuliza nilimwambia nilikuwa ndani. Nilikuwa dirishani. Nilikuona unampaka. Kopo nililijua, nilijua nimeshamwogesha, na nilijua chupa imekataza. Nilikuwa na neno moja la kusema, nikakaa nalo kwa sababu sikutaka niwe wa kwanza kukusemesha. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Aliyemuua mbwa wetu ni mimi, na nilikuacha uondoke umebeba mzigo usio wako.*

*Paka wa binti yako asitolewe. Mpakate. Mikono yako haina kosa. Nilikuona ulivyokuwa unamsugua taratibu, na alikuwa amefumba macho.*

Kulikuwa na jambo jingine, la zamani, na lilikuwa gumu zaidi kwa sababu hapakuwa na kopo wala chupa ya kulisingizia.

*Na siku ya mama,* aliandika, *ulikuwa hujalala. Niliyaona macho yako kabla sijafungua mdomo. Nilisema hivyohivyo. Mimi ndiye mkubwa, nilipaswa kukupokea begi.*

*Sijui nitakuomba nini. Nikisema urudi utaona nakupangia ratiba. Nitaacha mlango wako bila kufuli, na nitafagia. Kaka yako.*

Hakuisoma tena. Alijijua: angeisoma angeirekebisha, na angeirekebisha angepunguza. Aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalowesha gundi kwa ulimi, akaibana kwa kiganja juu ya meza mpaka ikashika.

Posta palikuwa na foleni fupi. Karani, kijana mwenye tai iliyolegea, aliitupia barua kwenye mizani yake ndogo ya dirishani. Mshale ulitikisika, ukasimama nje kidogo ya mstari. Siku nyingine yoyote Fundi angeuliza mara ya mwisho mizani ile ilikaguliwa lini.

"Ya kawaida au ya haraka, mzee?"

"Ipi inafika?"

"Zote zinafika."

"Basi ya haraka."

Karani alibandika stempu mbili, akagonga muhuri. Akamrudishia bahasha na kumwonyesha sanduku karibu na mlango. Fundi aliisukuma kwenye tundu, lakini vidole vyake havikuiachia mara moja. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake na bahasha zake alikohoa kwa adabu. Fundi akaiachia, na barua ikaanguka ndani.